Ireland Kaskazini 1972: "nyumbani" ni uwanja gani?

Nikiulizwa mgogoro wa Ireland Kaskazini, kati ya waliotaka kuungana na Jamhuri ya Ireland (wengi Wakatoliki) na waliotaka kubaki chini ya Uingereza (wengi Waprotestanti), uligusaje michezo, huwa nafungua ratiba ya mechi za 1972, mwaka ulioua watu wengi kuliko mwingine wowote wa vita ile. Tarehe 30 Januari askari wa Uingereza waliwafyatulia risasi waandamanaji mjini Derry, wakafa 13 siku hiyohiyo. Tangu hapo kila timu ngeni ilijiuliza kwanza: twende au tusiende?

Mechi ya soka ya Februari kati ya Ireland Kaskazini na Hispania, iliyopaswa kupigwa Belfast, ilihamishiwa Hull, England, ikaisha 1-1. Kwenye raga, ambako kisiwa kizima kina timu moja, Ireland ilikuwa imezifunga Ufaransa na England ugenini. Zikabaki mechi mbili Dublin, mji mkuu wa Jamhuri ya Ireland. Scotland na Wales hazikutokea, na mashindano ya Mataifa Matano yakaisha bila bingwa.

Mjini Belfast mabomu kama 20 yalilipuka tarehe 21 Julai katika muda wa saa moja hivi, yakaua watu 9. Nani angekaa mjini usiku kusikiliza muziki? Ukumbi wa maigizo wa Lyric, ulio mbali kidogo na katikati ya mji, haukufunga milango. Septemba, Mary Peters, mkazi wa Belfast, akatwaa dhahabu ya michezo mitano kwenye Olimpiki ya Munich kwa pointi 4,801 dhidi ya 4,791 za Mjerumani Heide Rosendahl. Hata yeye alitishiwa kuuawa akirudi. Alirudi.

Ila kwangu mimi darasa lenyewe ni Derry City, klabu ya soka ya mji wa Derry. Uwanja wao, Brandywell, uko jirani na Bogside, mtaa wa Wakatoliki. Septemba 1971 vijana walilichoma moto basi la timu ngeni, Ballymena United, na vyombo vya usalama vikasema hapo hapachezeki. "Nyumbani" pakawa Coleraine, karibu kilomita 50.

Fanya hesabu ya klabu inayoishi kwa viingilio. Shabiki aliyezoea kwenda uwanjani kwa miguu sasa anatafuta nauli, anapita vizuizi vya jeshi, na kurudi ni giza. Anabaki kwake. Mlangoni haipatikani hela, na wachezaji wanadai mishahara palepale. Msimu mzima namna hiyo ukaikausha klabu.

Vuli ya 1972 vyombo vya usalama viliondoa pingamizi. Zikabaki klabu nyingine za ligi ya Ireland Kaskazini kupiga kura, na Brandywell ikakataliwa kwa tofauti ya kura moja tu. Nadhani kura ile iliiumiza Derry kuliko moto wa basi. Tarehe 13 Oktoba ikajitoa ligini, ikabaki kwenye soka la madaraja ya chini miaka 13. Mwaka 1985 ikapokelewa na ligi ya Jamhuri ya Ireland, ikarudi kucheza Brandywell. Hadi leo, kila mechi ya ligi ya ugenini basi lao huvuka mpaka.