Daktari akisema vua sweta, vua kweli: kifua kinasomwa kwa mbavu

Miezi hii ya sita na ya saba Dodoma upepo unakata kweli kweli, mtu anakuja kliniki na kikohozi, kavaa sweta na koti juu, ukimwomba afungue anashusha zipu kidogo pale shingoni, "pima hapo hapo dokta". Hapo hapo haitoshi jamani.

Hebu jaribu sasa hivi. Weka kidole kwenye kile kishimo chini ya koo, shuka taratibu juu ya mfupa wa kidari, sentimita kama 5 hivi utakuta kituta kimekatiza. Pembeni ya hicho kituta ndo imeshikia mbavu ya pili, ya kwanza imejificha nyuma ya mtulinga, ule mfupa unaolala kati ya koo na bega, na kuishika ni shida, kwa hiyo sisi hesabu tunaanzia na ya pili, ukikosea hapo umekosea mpaka chini. Kwa mtu mzima, teremka kushoto mpaka nafasi ya tano kati ya mbavu, kwenye mstari unaoshuka toka katikati ya mtulinga, ndo ncha ya moyo inapodunda. Mdundo ukisogea kuelekea kwapani tunaanza kujiuliza, moyo umetanuka? Au kuna maji au hewa upande wa pili imeusukuma? Chuchu hatuitegemei kama alama, hasa kwa kina mama, maana matiti kila mtu na yake.

Mapafu nayo yanapanda sentimita 2 mpaka 3 juu ya mtulinga, usishangae ukigongwa hapo kwa kidole, TB ya watu wazima inapenda sana sehemu za juu. Ila mgongo ndo watu wanaubania, wakati sehemu ya chini ya pafu kwa kiasi kikubwa iko huko, ncha ya chini ya kombe la bega inakaa usawa wa mbavu ya 7 hivi, na nimonia nyingi tunaisikia maeneo hayo. Tena nguo ikisuguana na stetoskopu inatoa mlio unaofanana na wa pafu lenye ugonjwa.

Dada, mama, omba pazia livutwe na nesi wa kike awepo, ni haki yako, na kanga inaweza kubaki begani tukafungua upande mmoja mmoja.

Na kifua kinaweza kusikika safi kabisa na TB ikawepo, kikohozi kikifika wiki mbili omba kipimo cha makohozi, vituo vya serikali ni bure.