Jambo la kusisimua si lazima lifurahishe

Wengi huamini kwamba "-a kusisimua" ni sawa na "-a kufurahisha". Imani hiyo inaeleweka, maana matangazo ya mechi na matamasha hulitumia neno hili hivyo kila siku.

Lakini kitenzi chake ni kusisimka: mwili kupata mtetemo, vinyweleo vikasimama. Baridi husisimua, hofu husisimua, furaha vilevile. Hadithi ya jini usiku husisimua hata kama hakuna anayecheka.

Visawe vyake navyo havibadilishani ovyo. Kuchangamsha ni kuondoa unyonge au usingizi, kama chai ya tangawizi asubuhi. Kuchochea, neno ninalolipenda zaidi, lina moto ndani yake: ni kusukuma kuni ziwake vizuri. Ndiyo maana tunachochea maendeleo na tunachochea ugomvi pia. Hotuba ya kusisimua husifiwa; ya uchochezi huweza kumfikisha mtu mahakamani.

Ukiwa na shaka, fungua kamusi kwenye kitenzi chenyewe, kisha badilisha neno ndani ya sentensi. "Kilio kile kilinisisimua mwili": weka "kilinifurahisha" hapo, usikie maana inavyogeuka.