Mate na kinywa: hapa ndipo mmeng'enyo wa chakula unapoanzia

Mmeng'enyo ni kazi ya kuvunjavunja chakula mpaka kiwe chembe ndogo zinazoweza kupenya kuta za utumbo na kuingia kwenye damu. Wengi tukilisikia neno hilo tunashika tumbo, ilhali chakula kikifika huko tayari kimeshaguswa.

Kinywani kuna kazi mbili zinazokwenda sambamba. Ya kwanza ni ya meno: ya mbele hukata, chonge huchana, magego husaga. Hiyo kila mtu anaiona. Ya pili, inayofanywa na mate, haionekani, nayo ndiyo yenye mambo.

Mate hutoka kwenye jozi tatu za tezi kubwa, zilizo mbele ya masikio, chini ya taya na chini ya ulimi, pamoja na mamia ya tezi ndogo zilizotapakaa midomoni, mashavuni na kwenye kaakaa. Mtu mzima hutoa kati ya nusu lita na lita moja na nusu kwa siku. Karibu asilimia 99 ni maji matupu. Katika hicho kidogo kilichobaki mna ute unaolifanya tonge liteleze kooni, chumvichumvi za kupoza asidi, viua bakteria, na kimeng'enya, yaani kemikali ya mwili inayoharakisha kuvunjwa kwa chakula, kiitwacho amilesi.

Wanga ni mnyororo mrefu wa glukosi. Amilesi huukata vipande vifupi, vikiwemo vya sukari iitwayo maltosi. Tafuna kipande cha mkate usio na sukari, usimeze, uendelee kwa dakika moja au mbili: utaanza kusikia utamu kwa mbali. Waliosoma baiolojia watakumbuka iodini, inayogeuka bluu-nyeusi ikikutana na wanga. Wanga ukichanganywa na mate ukaachwa kwa muda, rangi hiyo haitokei tena.

Nyama haina bahati hiyo. Hata uitafune vipi, protini yake husubiri tumbo. Mafuta nayo hayaguswi sana kinywani.

Husemwa kwamba amilesi ya mate haina faida kubwa, kwa kuwa chakula hakikai kinywani na asidi ya tumbo huiharibu. Ni kweli asidi huiharibu, ila si papo hapo. Katikati ya tonge lililomezwa asidi huchelewa kufika, na humo amilesi huendelea kukata wanga kwa muda. Anayebugia bila kutafuna huipunguzia nafasi hiyo, maana mate hayajauingia wanga vizuri.

Watu pia hawalingani kwa wingi wa kimeng'enya hiki. Utafiti uliochapishwa mwaka 2007 ulihesabu nakala za jeni (maelekezo ya urithi) inayokitengeneza, AMY1, ambayo nakala zake zikiwa nyingi kimeng'enya nacho huelekea kuwa kingi, katika jamii mbalimbali, zikiwemo mbili za Tanzania: Wahadzabe, ambao mizizi ya porini ni sehemu kubwa ya chakula chao, na Wadatoga, wafugaji. Kwa wastani, jamii zinazokula wanga mwingi, Wahadzabe wakiwa miongoni mwao, zilikuwa na nakala nyingi kuliko zile zinazokula wanga kidogo, kama Wadatoga. Hilo halimzuii Mdatoga kula ugali, kwani kongosho nalo hutoa amilesi yake, na sehemu kubwa ya wanga humalizikia kwenye utumbo mwembamba.