Jaridinye wa mara tatu kwa wiki ni mufanyakazi wako

Mvua ikianza hapa Lubumbashi majani inaota mbio, na malalamiko nayo inaingia ku biro yetu ya ukaguzi wa kazi. Patro wa kartie Golf ao Bel-Air anamufukuza jaridinye wake, mutu wa kutunza bustani, tukimuita anajibu neno moja tu, "huyu ni jurnalie", maana yake mutu wa kazi ya siku kwa siku. Tunajua wengi hawafanye kwa ubaya. Lakini tusikilizane.

Kode ya Kazi, sheria 015/2002 ya tarehe 16 Oktoba 2002, artikle 40: mutu wa siku kwa siku akisha kufanya siku 22 ndani ya miezi 2, na ukamuita tena mbele ile miezi 2 iishe, kontra inahesabiwa ni ya kudumu. Fanya hesabu mwenyewe: Jumatatu, Jumatano, Ijumaa, siku ya 22 inaanguka mu wiki ya 8. Hamukuandika karatasi? Haisaidie, artikle 44 inasema kontra bila maandishi inazaniwa ni ya kudumu mpaka uonyeshe kinyume. Na tafazali muache kutuambia "lakini namulipa kila jioni", kulipa jioni ao mwisho wa mwezi ni kitu kingine kabisa, haibadilishe kontra.

Mwenye kuja na ekipe yake na mashini yake, anakata majani ya nyumba nyingi na anakupa faktire, ule ni mufanyabiashara, hatuna neno. Lakini ule mwenye unamupangia saa ya kuingia, anatumia vyombo vyako, asubuhi unamwambia anyoshe lupango ya maua, mchana amwangilie maembe, ule ni wako.

Mashini ya kukatia majani nayo ituletee akili. Kajiwe kanaruka mu majani, kanapiga jicho, na mutu alikuwa anafanya kazi bila miwani, kambambili ku miguu! Patro analipa dawa za siku ya kwanza kisha telefone inazimwa. Kama angemuandikisha ku CNSS, kese ya taifa ya usalama wa jamii, tawi ya hatari za kazi ingekuwepo: ni 1,5% ya mushahara, patro ndiye analipa. Jumla ya michango ni 18%, patro 13 (pansheni 5, familia 6,5, na ile 1,5), mufanyakazi 5.

Mukigombana, usikimbilie tribinali ya kazi, haitapokea dosie yenye haikupita kwanza ku upatanisho mbele ya inspekta. Tunaita pande zote mbili. Mukipatana tunaandika PV (karatasi ya ripoti) ya upatanisho, mukikosa kupatana tunaandika PV ya kutopatana, na ile ndiyo unapeleka ku tribinali. Patro asipokuja tunaandika vile vile hakukuja, kwa hiyo kujificha nyuma ya zamu ku mlango haizuie kitu.

Na nyinyi wajaridinye, musingoje. Deni ya mushahara inakufa mwaka 1 kisha siku yenye ungelipwa, na kuna wenye wanatuletea ya miaka 3 ndani ya kakaye ya shule.