Chevalier si shujaa kila mahali

Nafasiri Kifaransa kila siku, na neno chevalier halijawahi kuniruhusu nilipite haraka. Juzi nililetewa nihariri wasifu wa mwanasayansi mmoja Mfaransa. Kifaransa kilisema ni chevalier de la Légion d'honneur, yaani mwenye ngazi moja ya nishani ya Ufaransa. Mfasiri alikuwa ameandika kwamba mwanasayansi huyo ni "Shujaa wa Jeshi la Heshima". Msomaji angedhani mama yule alipigana vitani, kumbe maisha yake yote yalikuwa maabara.

Tuanzie kwenye farasi, cheval. Chevalier wa Zama za Kati alikuwa askari wa farasi mwenye deraya, aliyeapa kumtumikia bwana wake. Farasi wa vita na deraya vilikuwa ghali mno, hivyo kazi hiyo ikabaki mikononi mwa wenye mali, na jina la kazi likageuka kuwa jina la heshima la waungwana. Huyo wa kale ukimwita askari wa farasi, hujakosea.

Kufikia karne ya 18, mtu aliweza kuitwa hivyo bila kukaribia vita. Joseph Bologne alizaliwa Guadeloupe mwaka 1745. Mama yake, Nanon, alikuwa mtumwa. Baba yake, Mfaransa mwenye mashamba. Alikuja kuwa bingwa wa kitara na fidla jijini Paris, na dunia inamjua kama Chevalier de Saint-Georges. Hapo neno limeshakuwa sehemu ya jina la mtu. Mimi siligusi.

Mwaka 1802 Napoleon Bonaparte alianzisha nishani ya Légion d'honneur, wanayopewa wanajeshi na raia. Ina ngazi 5, na chevalier ndiyo ya chini kabisa. Mwenye ngazi hiyo huvaa medali ya fedha kwenye utepe mwekundu mtupu. Wa ngazi ya pili, officier, utepe wake una ua dogo la kitambaa. Siku za kawaida chevalier hutia uzi mwembamba mwekundu kwenye kola ya koti, basi. Wala haitwi "Sir" kama Waingereza wafanyavyo.

Wenzangu wa Lubumbashi hukutana na neno hilihili kwenye nishani za Kongo, na huliacha kwa Kifaransa.

Tahadhari mbili: chevalière ni pete ya muhuri, na farasi wa sataranji kwa Kifaransa ni cavalier.

Kwenye ule wasifu nimeandika: "Ametunukiwa nishani ya Légion d'honneur, ngazi ya chevalier."