Je, Wajua? Theodore Roosevelt Alikuwa "Musi Dume" Kabla ya Kupigwa Risasi

Kwa nini Theodore Roosevelt, rais wa zamani wa Marekani, aliitwa Musi Dume, yaani dume la kulungu mkubwa wa kaskazini? Jibu linalorudiwa sana ni hili: jioni ya tarehe 14 Oktoba 1912, mjini Milwaukee, alipigwa risasi kifuani akiwa njiani kwenda kuhutubia mkutano wa kampeni. Badala ya kukubali kupelekwa hospitali, alipanda jukwaani na kuwaambia watu kwamba ametoka kupigwa risasi, ila kumuua musi dume kunahitaji zaidi ya hapo. Eti tangu usiku huo jina likamganda.

Tukio ni la kweli, na maneno aliyasema. Kilichopinduliwa ni mfuatano. Itazame sentensi yenyewe: kama hakuna aliyemjua kwa jina la musi dume, ingeelewekaje ukumbini? Ilieleweka papo hapo kwa sababu jina lilikwisha kuenea miezi kadhaa kabla.

Musi ni mnyama wa misitu ya baridi ya kaskazini, mkubwa kuliko wote katika jamii ya kulungu. Dume aliyekomaa huweza kufikia mita 2 begani na kupita kilo 500, na pembe zake zimetanuka kama viganja viwili vilivyofunguliwa. Roosevelt alijilinganisha naye mapema mno. Mwaka 1900, alipokuwa mgombea mwenza wa Rais William McKinley, alimwandikia Mark Hanna, kigogo wa chama cha Republican, kwamba ana nguvu kama musi dume na atumiwe mpaka kikomo cha uwezo wake. Juni 1912, chama hicho kilipokutana Chicago na kumteua William Howard Taft badala yake, aliwaambia waandishi wa habari maneno yaleyale. Safari hii yalichapwa na kusambaa. Agosti wafuasi wake walipounda chama kipya cha Progressive, jina lilikuwa tayari limehama kutoka kwa mtu kwenda kwa chama.

Lilihama kirahisi kwa sababu lilijaza pengo. Wachora katuni walikuwa na punda kwa ajili ya Democratic na tembo kwa ajili ya Republican, ambao Thomas Nast aliwapa umaarufu miaka ya 1870. Ni kama karata: wawili wakishatupa zao mezani, wa tatu hawezi kucheza mikono mitupu. Chama cha tatu kilihitaji mnyama, na kiongozi wake alikuwa amekwisha kumtaja.

Ushahidi mzuri wa tarehe ni picha ambayo yenyewe ni ya uongo. Ile inayomwonyesha Roosevelt amempanda musi anayekata maji bado husambazwa kama ya kweli. Ni kazi ya kampuni ya picha ya Underwood & Underwood: Roosevelt alikatwa kutoka picha aliyopigwa juu ya farasi, akabandikwa juu ya musi. Ukiangalia kwa makini utauona mstari wa mkato kuzunguka mguu wake. Ilitoka katika gazeti la New York Tribune tarehe 8 Septemba 1912, ikiwa pamoja na Taft juu ya tembo na Woodrow Wilson juu ya punda. Hiyo ni wiki tano kabla ya risasi.

Risasi nayo inastahili maelezo, maana ndiyo iliyofanya kisa kiwe kitamu kiasi cha kumeza tarehe. Ilitoka kwenye bastola ya .38. Katika mfuko wa ndani kulikuwa na hotuba ya kurasa 50 iliyokunjwa katikati, kwa hiyo tabaka 100 za karatasi, pamoja na kasha la chuma la miwani. Fikiria mtu anayekimbia kwa kasi ndani ya shamba la miwa. Hakuna muwa mmoja utakaomsimamisha, lakini kila mmoja unamnyang'anya mwendo kidogo. Akitoka huko akakutana na mlango wa mbao, anaweza kuuvunja, ila hafiki mbali tena. Karatasi zilikuwa miwa, kasha likawa mlango. Huwezi kugawa sifa kwa usahihi kati ya karatasi, kasha, koti zito na misuli, na ngao hiyo haikuwa kamili: risasi iliingia mwilini na kukwama kwenye ubavu.

Roosevelt alikohoa, akaona hakuna damu, akaamua pafu halijatobolewa. Alizungumza kwa takriban saa moja na nusu. Baada ya picha za eksirei madaktari waliiacha risasi mahali ilipo, uamuzi wa busara kwa zama zisizo na antibiotiki. Miaka 11 kabla, McKinley alipigwa risasi tumboni, akapasuliwa, risasi haikuonekana, na akafa kwa kuoza kwa ndani siku ya nane. Ndivyo Roosevelt, makamu wake, alivyoupata urais. Yeye aliishi na risasi yake mpaka kifo chake, Januari 1919.

Hakuwa mgeni wa majina ya kupewa. Aprili 1909 alishuka Mombasa kwa safari ya uwindaji, na kwa maandishi yake mwenyewe wapagazi walimwita Bwana Makuba, yaani Bwana Mkubwa, na mwanawe Kermit wakamwita Bwana Maridadi.

Uchaguzi ulifanyika tarehe 5 Novemba 1912. Musi alimshinda tembo kwa kura 88 za wajumbe wanaomchagua rais dhidi ya 8, lakini punda alizoa 435. Mwaka 1916 chama cha Progressive kilimteua tena Roosevelt, akakataa, na chama kikasambaratika.