Muziki kando ya kitanda cha mgonjwa wa hospisi: maswali na majibu

Tiba ya muziki ni nini hasa? Si kuwasha redio tu?

Redio inasaidia, na simkatazi mtu kuiwasha. Ila redio haioni kwamba mgonjwa amekunja uso. Tiba ya muziki hutolewa na mtu aliyeisomea, anayekaa na mgonjwa, akiangalia uso, mikono na pumzi zake, na kubadilisha anachopiga kadiri mgonjwa anavyobadilika.

Kwa nini hospisi, yaani huduma ya wagonjwa walio karibu na mwisho wa maisha, ihangaike na muziki wakati dawa za maumivu zipo?

Kwa sababu si maumivu yote ni ya mwili. Cicely Saunders, aliyefungua hospisi ya St Christopher's jijini London mwaka 1967, alifundisha kwamba mgonjwa asiyetarajiwa kupona huumia mwili, moyo, roho na hata katika uhusiano wake na watu, vyote kwa wakati mmoja. Mofini hutuliza mfupa unaouma. Hofu ya saa nane za usiku ni habari nyingine.

Mtaalamu anafanya nini pale kitandani?

Tuseme mgonjwa anahema mara 28 kwa dakika, mabega yanapanda na kushuka. Wengi wetu tungemwekea wimbo wa taratibu ili atulie. Mtaalamu haanzi hivyo. Anahesabu pumzi kwanza, kisha anapiga gitaa kwa kasi ileile ya kuhema, bila maneno, labda sauti mbili tatu zinazojirudia. Anakaa hapo dakika kadhaa. Ndipo anapoanza kupunguza mwendo, kidogo mno, na mara nyingi pumzi nazo hufuata. Zisipofuata, anarudi kule mgonjwa aliko. Hamvuti.

Siku nyingine hapigi kitu. Mgonjwa anataka kutunga maneno ya wimbo kwa ajili ya mwanawe, yeye anaandika na kutafuta tuni.

Kuna ushahidi kwamba inafaa?

Upo, ingawa tafiti nyingi ni ndogo. Katika utafiti wa Cleveland, Marekani, uliochapishwa mwaka 2013, wagonjwa 200 wa huduma shufaa, yaani huduma ya kutuliza mateso ya ugonjwa mzito, waligawanywa kwa bahati nasibu. Waliopata kipindi kimoja tu cha tiba ya muziki walipungukiwa na maumivu kuliko wenzao waliopata huduma ya kawaida peke yake. Lakini muziki hauyeyushi uvimbe, na dawa isisimamishwe kwa sababu yake. Anayekuambia vinginevyo anakuuzia kitu.

Mgonjwa haitikii tena. Bado anasikia?

Huenda. Mwaka 2020 watafiti wa Chuo Kikuu cha British Columbia, Kanada, walichapisha vipimo vya mawimbi ya ubongo vya wagonjwa wa hospisi waliokuwa saa chache kabla ya kufariki, wasioitikia chochote. Baadhi yao, ubongo uliendelea kuitikia sauti zilipobadilika. Hiyo haina maana kwamba walielewa walichosikia. Inatosha, hata hivyo, kukufanya umwimbie polepole karibu na sikio, na mambo ya mirathi mkayazungumzie nje.

Tuchague nyimbo zipi?

Zake, si zenu. Muulizeni angali anaongea, mziandike. Mara nyingi zitakuwa za ujana wake, na zinaweza kuwashangaza: si kila aliye karibu na kifo anataka nyimbo za dini, hata kama maisha yake yote amekuwa mtu wa ibada. Sauti iwe ya chini kuliko mazungumzo. Msiuache muziki ukiimba kutwa. Dakika ishirini zinatosha, kisha kimya. Aliye kitandani hawezi kuinuka akazima.

Akianza kulia?

Usikimbilie kuzima. Kilio kinaweza kuwa ndicho kilichokuwa kimemkaba. Mshike mkono, muulize: "Niendelee au niache?" Asiyeweza kusema atakujibu kwa mwili. Akikunja uso, akivuta shuka, akigeuza kichwa au akihema kwa kasi zaidi, acha. Wimbo uliopigwa siku ya harusi yake unaweza kumfariji mjane leo na kumchoma kesho.

Hatuna mtaalamu wa tiba hii.

Wengi hawana. Imba mwenyewe, hata kama sauti yako ni mbovu, anaijua.

Mapigo ya moyo yaliyorekodiwa ni nini?

Katika baadhi ya hospisi mtaalamu huweka kinasa sauti kwenye stethoskopu, akarekodi moyo wa mgonjwa kwa ridhaa yake, kisha mapigo hayo yakawa ngoma chini ya wimbo alioupenda. Familia hubaki nayo. Si lazima muisikilize mapema. Tengenezeni nakala mbili, moja ikae kwa mtu asiyebadilisha simu ovyo.